Uso wa Kasiva Kabla ya Msasa

Katika banda la wachongaji lililo nyuma ya soko la Malindi, kila mtu ana mnyama wake. Gerishom, ambaye ndiye mwenyekiti, huchonga kifaru. Nahashon huchonga twiga. Kuna mzee wa ndovu, kuna ndugu wawili wa simba, na mtu mgeni akiingia hupewa mnyama asiye na mwenyewe, kisha hukaa naye maisha. Kioko wa Mutiso alipofika kutoka Wamunyu mwaka 1974 alimkuta swala hana mtu, kwa sababu aliyekuwa akimchonga alikuwa amerudi Ukambani na ugonjwa wa macho. Tangu hapo hajachonga kitu kingine cha kuuza.

Swala ni mnyama wa taabu. Miguu yake ni myembamba, pembe zake nyembamba zaidi, na mti wa mhugu hauvumilii wembamba. Kosa dogo la tezo na kazi ya asubuhi nzima huwa kuni. Kioko huketi chini, akalibana gogo kwa nyayo zake, akalichonga kuelekea kwake bila kuchora mstari wowote. Akiulizwa anajuaje pa kukata, husema akianza kufikiri hukosea. Masikio huyaacha mwisho. Sikio moja hulielekeza mbele na la pili huligeuza nyuma kidogo, kama la mnyama aliyesikia kitu ambacho bado hajakiona. Watalii wengi hawalioni hilo sikio. Wenzake waliliona, na Gerishom alimwambia siku moja kwamba swala wake wote wana sura ya watu walioitwa kwa chifu. Kioko alijibu kwamba swala asiyeogopa ni mbuzi.

Miaka ya mwanzo alikuwa na mazoea ambayo banda lote liliyaona kuwa ya kijinga. Jumapili baada ya ibada alikwenda Gede, akaingia pembezoni mwa msitu, akakaa kimya kungoja paa wapite. Mara nyingi hawakupita. Alirudi jioni na kupe miguuni, na Jumatatu alichonga kama kawaida. Nahashon alimuuliza anakwenda kutafuta nini, maana mzungu hununua mnyama aliyesimama, hanunui aliyekimbia. Kioko alisema anataka kujua shingo inaanza kugeuka wapi.

Upande wa pili wa banda, juu ya mkeka mrefu, hukaa wanawake wa msasa. Hii ndiyo sheria ya mahali hapo, na hakuna anayekumbuka ilianza lini: mchongaji hapigi msasa kazi yake mwenyewe. Akimaliza na tezo na kisu, kitu huitwa kibichi. Kibichi kina alama za chuma mwili mzima, na hakiruhusiwi kupanda rafuni. Hupelekwa kwenye mkeka, na kinapotoka huko kikiwa laini, kimepakwa nta na kusuguliwa kwa kiwi ya viatu, ndipo husemwa kuwa kimeiva.

Mwenye mkeka huo ni Kadii Kiponda, Mgiriama, mjane kutoka upande wa Marafa, mwanamke mkubwa kwa umri kuliko wachongaji karibu wote. Wao humwamkia shikamoo kabla ya kushika tezo asubuhi. Kadii huanza na msasa mkali, hulowesha mti kwa kitambaa ili nyuzi zisimame, huziangusha kwa msasa wa pili, kisha huingia na ule mwembamba uliochakaa ambao mtu mwingine angeutupa. Mwisho hufumba macho na kupitisha kitu hicho shavuni mwake, kwa sababu vidole vyake vimekwisha. Alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alimrudisha nyumbani mara ya kwanza. Wino ulishika, lakini alama za vidole hazikutokea.

Kazi anayojivunia kuliko zote ni ile ambayo mnunuzi hawezi kuiona. Tezo huteleza. Kisu huteleza. Mchongaji huchimba ubavu wa simba kwa bahati mbaya, akaona aibu, akakipeleka kitu kwenye mkeka bila kusema neno. Kadii hulitazama kosa, hushusha mti wa pembeni yake taratibu mpaka pawe sawa, na simba hutoka akiwa mwembamba kidogo lakini mzima. Hamwambii mwenyewe. Katika banda lile, wema wa Kadii ulikuwa huo: aliyafuta makosa ya watu, kisha akanyamaza.

Kioko alikuwa na mke, Mueni, aliyebaki Wamunyu kuangalia shamba, na mtoto mmoja, Kasiva, aliyezaliwa baada ya miaka mingi ya kungoja. Kila mwaka masika yanapokaribia na hoteli za Malindi zinapofungwa, wachongaji wa bara hurudi makwao. Kwa hiyo Kioko alimjua mwanawe kwa misimu. Alimwacha akitambaa, akamkuta anatembea. Alimwacha akitembea, akamkuta ana kovu. Kovu hilo alilipata kwa kuangukia jembe. Liliukata unyusi wa kushoto katikati, na nywele hazikuota tena mahali hapo, hivyo kwamba Kasiva alionekana wakati wote kama mtu anayetaka kuuliza swali. Mara nyingi alikuwa analo.

Mwaka 1985 meno yake ya mbele yalianguka. Alizoea kuuvuta mdomo wa chini na kuuingiza kwenye lile pengo, akautuliza hapo huku akimtazama baba yake akinoa kisu. Mpiga picha alikuja sokoni Wamunyu msimu ule, akiwa na pazia lake lenye mlima na maua. Kioko alitaka mtoto apigwe picha. Mueni alisema wangoje meno yaote, asije akaonekana kibogoyo ukutani siku zote. Kioko akakubali. Akarudi Malindi.

Surua iliingia Wamunyu mwezi wa Septemba. Habari zilimfikia Kioko kwa mdomo wa mchongaji aliyetoka nyumbani, na alipofika, kaburi lilikuwa limekwisha funikwa. Alikaa siku zilizokubalika kukaa. Siku moja kabla ya kurudi pwani, Mueni alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

“Baba Kasiva, nikifunga macho naona blanketi tulilomfunga. Uso siuoni.”

Kioko alimwambia yeye anauona.

“Wewe unauona kweli?”

“Ninauona.”

“Basi nichongee,” alisema Mueni. “Niletee kabla na wewe hujaupoteza.”

Alimwahidi kuuleta hoteli zitakapofungwa. Mueni hakumkumbusha tena, wala hakuwa na haja. Hakukuwa na picha. Babu na nyanya walikuwa wamekufa, na majirani walimkumbuka mtoto kwa kelele zake. Uso wa Kasiva ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa kichwa cha mtu aliyepanda basi kwenda Malindi kuchonga swala.

Hakuwa amewahi kuchonga mtu. Rafu za banda zilijaa vichwa vya Wamasai, vyote ndugu, vyote na macho yaliyofumbwa nusu, na cha kwanza alichokichonga kilitoka hivyohivyo, kana kwamba mkono ulikwenda kuazima kwa majirani. Akakipasua. Cha pili kilifanana na mama yake mzazi, jambo lililomshangaza, lakini nacho akakipasua. Kwa cha tatu alichagua kipande cha mhugu kilichotoka moyoni mwa mti, chenye rangi ya asali iliyokaa sana, akawa anakifanyia kazi wenzake wanapokwenda kula. Hapo ndipo alipogundua kitu ambacho miaka kumi na zaidi ya swala haikumfundisha. Alipokata mikato mifupi ya kisu na kuiacha kama ilivyo, bila kuilainisha kwa ubapa wa chuma, mwanga uliingia katika mikato na uso ukaanza kusogea. Shavu la Kasiva halikuwa shavu laini. Lilikuwa la mtoto wa shambani, lenye vumbi, lenye kukauka kwa upepo wa Julai. Mikato ile ilikuwa ngozi yake.

Mdomo ulimchukua muda mrefu, ule wa chini uliovutwa ndani, na juu yake wepesi wa pengo ambao haukuonekana bali ulijulikana. Kovu alilikata kwa mkato mmoja, kwa ncha ya kisu, akaweka kisu chini. Hakuligusa tena. Mwezi wa Machi mwaka 1986 kazi ilikuwa imekwisha. Alama za kisu zilikuwa kila mahali, na kwa sheria ya banda kilikuwa kitu kibichi kabisa.

Hakumwonyesha mtu. Kwa wachongaji wenzake alinyamaza kwa sababu walikuwa watu wa mzaha, na hakutaka mzaha huo umfikie. Kwa Kadii alinyamaza kwa sababu nyingine. Kadii alikuwa amewasimulia, mara nyingi wakati wa chai, juu ya vigango vya kwao: miti iliyochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya wazee waliokufa, kila mmoja na mtu wake. Alisema mti ukishapewa jina la marehemu si mti tena, na kwamba si jambo la kuchezea, lina utaratibu wake na watu wake. Kioko alikuwa mtu wa kanisa. Aliogopa kwamba Kadii akijua kuna uso wa mtoto aliyekufa ndani ya lile banda, hatua chache kutoka mahali anapokula, ataondoka, au atataka pamwagwe kitu na kusemwa maneno. Akaona kimya ni salama zaidi. Alikifunga kichwa katika gunia na kukifukia kwenye rundo la vibanzi pembeni mwake, ili mti ukauke polepole usije ukapasuka.

Masika yalianza kwa nguvu mwaka huo. Kabla ya wiki ya kwanza kwisha Kioko alikuwa amelala chumbani kwake Maweni, malaria imempanda. Paa la makuti la banda lilivuja, maji yakaingia upande wake, na Gerishom akawaamuru watu wanyanyue vitu vyote kutoka chini. Vya Kioko hakuna aliyevikumbuka ila Kadii. Alichimbua rundo la vibanzi kwa mikono, akaokoa swala wawili waliokuwa hawajaisha, akakuta gunia.

Alipolifungua, alikaa nalo kitambo. Vichwa vya Wamasai alivyovipiga msasa maishani mwake hajui idadi yake, na hakuna kimoja kilichowahi kumtazama. Alikigeuza huku na huku. Alielewa kwamba si kitu cha rafuni, na akakisia, kwa akili njema, kwamba Kioko amemchongea mkewe zawadi ya kwenda nayo nyumbani. Hoteli zilikuwa zimeanza kufungwa. Mwenyewe alikuwa mgonjwa. Angeinuka kitandani na kupanda basi moja kwa moja, na kitu hiki kingefika Ukambani kikiwa kibichi.

Nahashon alimwambia akiache mpaka mwenyewe aje.

“Mwenyewe yuko kitandani anatetemeka,” alisema Kadii. “Aende kwao na kitu kibichi mkononi, mkewe amcheke?”

“Mama, wewe hata embe bichi ukiliona unalipiga msasa.”

“Na wewe ungekuwa mdogo kidogo ningekupiga.”

Watu wakacheka. Kadii akatandika gunia magotini, akaanza.

Hakuna aliyekuwepo ambaye hakumbuki jinsi alivyoifanya kazi ile. Alichagua msasa mpya kwa ajili ya paji la uso, akaukunja mdogomdogo kwa ajili ya masikio. Mvua ilikuwa ikipiga makuti, na yeye alikisogeza kichwa kila mara kufuata mwanga. Alipofika kwenye unyusi wa kushoto alisimamisha mkono. Palikuwa na mkato mmoja, wa kina, ulioukatiza unyusi. Alilifahamu kosa la namna hiyo. Alikuwa ameyaona mengi. Alifikiri kwamba homa ilikuwa imekwisha kumwingia Kioko, kisu kikamteleza, na kwa sababu ya aibu akakificha kitu kizuri hivi ndani ya vibanzi. Alimwonea huruma. Akaushusha unyusi wote, na paji juu yake, na kope chini yake, taratibu, mpaka mkato ukawa mstari, mstari ukawa kivuli, kivuli kikaondoka. Upande wa pili akaushusha pia ili macho yalingane. Mdomo wa chini ulikuwa umeingia ndani kuliko inavyostahili, akausawazisha. Kisha nta, kisha kiwi, kisha kipande cha leso kuukuu. Alipokipitisha shavuni mwake hakuhisi kitu chochote. Gerishom husema mpaka leo kwamba ndiyo kazi bora kuliko zote zilizotoka kwenye mkeka ule, na Kadii mwenyewe aliona hivyo. Akakiweka mahali pa Kioko, juu ya kigoda, akakifunika kwa leso.

Kioko alirudi akiwa amekonda, amevaa sweta kwenye joto. Aliamkia. Kadii alimwitikia akamwambia afunue.

Alifunua, akakitazama kwa adabu kama mtu anayetazama kazi ya mwenzake. Akauliza chake kiko wapi.

“Ndicho hicho, mwanangu. Nimekupigia msasa.”

Alikichukua. Kidole gumba chake kilikwenda chenyewe kwenye unyusi wa kushoto, kikapita bila kukwama mahali. Kikarudi, kikapita tena. Alimuuliza Kadii vumbi lake amelipeleka wapi. Kadii alisema amelifagia nje na mvua imelichukua, na akamuuliza vumbi la nini. Alikaa chini na kile kichwa magotini, na watu wa karibu wakaanza kuacha kazi, mmoja baada ya mwingine, bila kujua wanaacha kwa nini.

“Huyu alikuwa Kasiva,” alisema.

Kadii alijua kwamba Kioko amefiwa na mtoto. Alikuwa amempa pole pamoja na wengine, akamletea unga. Jina hakuwa amelisikia.

“Kasiva ndiye nani?”

“Mtoto wangu. Hana picha.”

Gerishom alizima redio. Kadii alikuwa bado ameshika kipande cha leso, akakiweka chini, akakiokota, akakiweka tena. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

“Ungeniambia ni wa marehemu, mwanangu. Kwetu mti wa marehemu hauguswi. Hata ukianguka tunauacha ulivyoanguka.”

Kioko alimtazama. Kile alichokuwa amekiogopa kwa Kadii ndicho kitu pekee ambacho kingeuokoa uso ule, na alikuwa amemnyima habari. Hakumlaumu. Wale waliokuwepo wanasema ingekuwa afadhali angemlaumu, kwa sababu mwanamke yule alikuwa akingoja, ameinamisha kichwa kama anayengoja kofi, na halikuja.

Siku zilizofuata alijaribu kuukata upya. Msasa ulikuwa umeshuka chini kuliko kisu kilivyokuwa kimefika. Ili kulirudisha kovu ingebidi ashushe uso wote zaidi, na kila anaposhusha mtoto angezidi kuwa mdogo. Hilo lingewezekana, alisema baadaye. Mchongaji huishi kwa kupunguza. Kilichomshinda kilikuwa kingine. Aliweka kisu juu ya unyusi, akafumba macho ili amwone Kasiva kabla ya kukata, na aliyemwona alikuwa huyu, mwenye ngozi ya kioo na nyusi mbili nzima. Akafumbua. Akafumba tena. Akajaribu kumkumbuka akiwa mlangoni, akiwa juu ya punda, akilia kwa sababu ya jembe. Kila mahali alikuja na uso huu uliong’aa.

Kadii alileta gogo jipya kutoka kwa wauza miti, la mhugu, la moyo wa mti, akaliweka mbele yake na kumwomba aanze upya; akasema yeye atahamisha mkeka wake akae nje. Kioko alianza, kwa sababu hakutaka kumkatalia. Alichonga mpaka sura ilipotokea, akaona ni ileile, laini hata kabla ya msasa. Akaliweka gogo kando.

Nahashon alimshauri asafiri mikono mitupu na kumwambia mkewe ukweli. Lilikuwa shauri jema. Lakini Kioko alikuwa amebaki na wazo moja, na alilishikilia njia nzima: kwamba yeye alikuwa amempoteza, lakini mama ni mama, labda Mueni akikitazama, kitu kilichobaki chini ya kiwi kingemwamsha mtoto aliyelala ndani yake, naye angelia na kusema ndiye. Akakifunga kichwa katika shati. Basi liliposimama Mariakani watu wanywe chai ya maziwa, mwanamke aliyekaa kiti cha pili aliomba kukiona. Alikigeuza, akakisifu. Mtoto mzuri, alisema, hana hata doa. Kioko alimshukuru akakifunga tena.

Alifika nyumbani mchana. Mueni alikuwa akipepeta mbaazi. Aliuona ule mzigo, akajua, na hakukimbilia kuupokea. Aliweka ungo chini. Alinawa mikono, akaikausha kwa kanga, akaleta kigoda akakiweka mlangoni penye mwanga, akakaa, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea mtoto kutoka kwa mkunga.

Kioko hakumweleza kitu. Alikuwa ameamua hivyo njiani. Alitaka atazame bila kuambiwa. Mueni alikifungua kile kichwa kutoka katika shati. Alikitazama mbele. Alikiinua kwenye mwanga, akakigeuza ubavu, akapitisha kiganja kuanzia utosini mpaka kidevuni. Kuku walipita kati yao. Alikirudisha magotini, akakitazama mbele tena, kwa subira, kama mtu aliyefika mahali mapema na anangoja mwenyeji atoke.

“Ni mzuri sana,” alisema mwishowe. “Ni mtoto wa nani?”

Kioko alikuwa amesimama. Alisema, “Sijui.”

Baadaye, jioni, wakiwa wanakula, Kioko alimweleza yote: masika, malaria, Kadii, mkato aliouona kuwa kosa. Mueni alisikiliza mpaka mwisho. Alisema yule mama asilaumiwe, na kwamba angekuwa yeye pia angefanya hivyohivyo, kwani ni nani aonaye kovu kwenye uso wa mtoto asitamani kulifuta. Kisha akasema ni yeye aliyewazuia wasipige picha. Kioko alitaka kumkatiza. Mueni akainua mkono kumnyamazisha, akaendelea kula.

Hoteli zilipofunguliwa Kioko alirudi Malindi. Bado ni mtu wa swala. Wanunuzi huwachukua kama zamani, na rafu hazikai na kazi yake kwa muda mrefu, ingawa Gerishom anasema masikio sasa yote yanaelekea mbele. Gede hajaenda tena. Kadii yuko kwenye mkeka wake. Mchongaji akimletea kitu chenye mkato uliokwenda kombo, hukishika juu na kumuuliza mbele ya watu kama aliukata kwa kutaka au kwa bahati mbaya, na wachongaji, ambao zamani walizoea kuyaleta makosa yao kwa kimya, huona haya na kuyarekebisha wenyewe. Kazi ya mkeka imepungua kwa sababu hiyo. Yeye na Kioko husalimiana kila asubuhi. Anamwita mwanangu, naye humwamkia kwa heshima ileile, na haijatokea siku wakazungumza habari hiyo tena.

Kichwa kiko Wamunyu, juu ya meza, kando ya taa. Mueni alikitandikia kitambaa cha kufuma. Hakuweza kukitupa, kwa kuwa ni kazi ya mikono ya watu wawili waliomtakia mema, na hakuweza kukizika, kwa kuwa hakuna aliyekufa mwenye uso ule. Wageni wakiingia hukiona kwanza kabla ya kitu kingine. Huomba kukishika, hukisifu kwa ulaini wake, huuliza ni sanamu ya nani. Mueni huwaambia ni kazi ya mume wake, kisha huwauliza kama watakunywa chai.